Je, Wajua? Nyota Zinazopita Utosini mwa Gusii

Je, wajua kwamba nyota tatu za mshipi wa Orion, kundi ambalo wengine huliita Jabari, hupita utosini kabisa kwa mtu aliyesimama mjini Kisii au Nyamira? Kisii iko digrii 0.7 hivi kusini mwa ikweta, Nyamira digrii 0.6. Huko juu, Mintaka, nyota iliyo nchani mwa mshipi, iko digrii 0.3 kusini mwa ikweta ya anga, na Alnilam ya katikati iko digrii 1.2. Miji hii miwili imekaa chini ya pengo lililo baina yao. Mtu wa London huutazama mshipi huo ukiwa umelalia kusini, wa Cape Town ukiwa umelalia kaskazini. Wa Keroka hukunja shingo tu.

Wakati wake ni Januari na Februari, mvua inapopunguza makali. Mwanzoni mwa Februari, mwendo wa saa tatu usiku, mshipi uko juu ya kichwa. Usiku usio na mawingu haupatikani kila wiki huku kwetu milimani, kwa hiyo ukiupata usiuache upite.

Je, wajua namna ya kupata mashariki halisi ukiwa Kisii bila dira? Mshipi huo huchomoza upande wa Sotik na kutua upande wa Ndhiwa, mashariki barabara na magharibi barabara, msimu wowote uuonao.

Upande wa kusini wa mshipi kuna vinukta vitatu hafifu vinavyoitwa upanga. Cha katikati kimefifia kingo zake, maana si nyota moja. Ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, na ndani yake nyota zinazaliwa hadi leo. Nyingi zina umri wa miaka milioni moja au mbili, umri mdogo sana kwa nyota. Miaka ya 1990 darubini ya anga ya Hubble ilipiga picha za visahani vya vumbi vilivyozizingira nyota changa za humo. Sayari hutengenezwa ndani ya visahani vya aina hiyo. Ndiyo sababu wataalamu wamerudi mara kwa mara kwenye wingu hili kupima mambo mawili: nyota hizi zinajizungusha kwa kasi gani, na zina joto kiasi gani. Majibu ya maswali hayo mawili yamefungua mengi kuhusu asili ya sayari, na sehemu kubwa ya majibu hayo imetoka kwenye anga inayopita juu ya mashamba ya chai ya Nyamira.

Je, wajua unaweza kupima joto la nyota kwa macho yako? Mshipi ukiwa utosini, tazama nyota kubwa iliyo kaskazini yake, Betelgeuse, kisha iliyo kusini yake, Rigel. Ya kwanza ni nyekundu yenye umachungwa, ya pili ni nyeupe yenye ubuluu. Chuma kwenye tanuri la mhunzi huanza kuwa chekundu, kikazidi kuwa cha manjano, kisha cheupe, na nyota hufuata utaratibu huo huo. Uso wa Betelgeuse una nyuzi joto 3,300 hivi za Selsiasi. Rigel inakaribia 12,000. Jua letu liko katikati, nyuzi 5,500. Watoto wengi hufundishwa kwamba nyekundu ni moto na buluu ni baridi, kwa sababu ya mabomba ya maji. Angani ni kinyume chake.

Rangi peke yake haitoshi, kwani vumbi lililo njiani huifanya nyota ionekane nyekundu kuliko ilivyo. Kipimo cha uhakika kinatokana na kuitandaza nuru katika rangi zake. Mjerumani Joseph von Fraunhofer alifanya hivyo kwa nuru ya jua mwaka 1814 akachora mistari myeusi zaidi ya 500 iliyokatiza rangi hizo. Kila mstari ni alama ya elementi fulani iliyoizuia nuru kidogo. Haidrojeni huacha mistari yake mizito zaidi kwenye nyota za nyuzi kama 10,000. Nyota zilizo baridi zaidi huonyesha mistari ya metali, na zilizo baridi kabisa huonyesha alama za titani iliyoungana na oksijeni, mchanganyiko ambao ungevunjika mara moja kwenye nyota ya moto zaidi.

Haya si ya maabara kubwa peke yake. Mwanafunzi wa Ogembo au Nyansiongo achukue boksi la viatu, akate ufa mwembamba kwa wembe upande mmoja, abandike kipande cha CD kuukuu kwa mshazari upande wa pili, kisha atoboe tundu la kuchungulia juu yake. Akielekeza ufa kwenye ile taa ndefu ya mrija inayotumika madarasani, ataona mistari ya rangi iliyotengana, mmoja wa kijani ukiwa mkali kuliko mingine. Huo ni wa zebaki iliyomo ndani ya taa. Akielekeza ufa kwenye wingu jeupe la mchana ataona rangi zote zimeungana, na ufa ukiwa mwembamba vya kutosha, nyuzi nyeusi zitaanza kujitokeza: mistari ile ile ya Fraunhofer. Asielekeze boksi juani kamwe, macho yataungua. Ningependa kila shule ya upili ya kaunti hizi mbili iwe na maboksi kumi ya namna hii, kwani gharama yake ni gundi na wembe.

Je, wajua nani alieleza vizuri mistari hiyo inasema nini? Ni Cecilia Payne, Mwingereza aliyekwenda Marekani kusoma. Mwaka 1925, kwa kutumia hesabu za mwanafizikia wa India Meghnad Saha, alionyesha kwamba tofauti za mistari hutokana hasa na joto, si kwamba kila nyota imeumbwa kwa vitu vyake. Hesabu zake zilionyesha pia kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu kwa kiasi kikubwa mno. Wakubwa wa fani walimshauri asiamini matokeo hayo, naye akaandika kwamba karibu hakika si ya kweli. Yalikuwa ya kweli.

Je, wajua kuna nyota na sayari zilizopewa majina na Wakenya? Mwaka 2023 Muungano wa Kimataifa wa Wanajimu ulikubali pendekezo la timu ya Kenya: nyota GJ 1214 ikaitwa Orkaria, na sayari yake Enaiposha. Majina yote mawili ni ya Kimaa, lugha ya majirani zetu wa Trans Mara. Orkaria iko miaka ya nuru 48 hivi kutoka hapa. Ni ndogo na nyekundu, haionekani kwa macho matupu, lakini mwezi wa Juni usiku wa manane hupita digrii kama 6 tu kutoka utosini mwa Kisii.

Hapa ndipo utaona kwa nini joto la nyota ni jambo zito. Kila baada ya saa 38, Enaiposha hupita mbele ya Orkaria na kuziba asilimia 1.35 ya nuru yake. Ukitafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo unapata kwamba upana wa sayari ni kama asilimia 11.6 ya upana wa nyota. Sawa, lakini nyota yenyewe ina upana gani? Darubini huiona kama nukta. Lazima ujue joto lake kwanza. Joto la uso likiongezeka maradufu, kila mita ya mraba hutoa nuru mara 16 zaidi, kwa hiyo ukijua joto na jumla ya nuru unaweza kukokotoa ukubwa. Orkaria ina nyuzi 3,000 hivi, na upana wake ni kama moja ya tano ya Jua. Basi Enaiposha ina upana wa Dunia mara 2.7. Anayekosea joto la nyota amekosea ukubwa wa sayari, na akikosea ukubwa atashindwa kujua kama ni mwamba, maji au gesi.

Sayari ya ukubwa huo haipo kwetu. Kwa ukubwa, baina ya Dunia na Neptuni hatuna kitu, ilhali kwenye nyota nyingine zimejaa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba darubini ya James Webb imepima joto la Enaiposha pande zote: nyuzi 279 upande wa mchana, 165 upande wa usiku. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba ina hewa nzito inayosambaza joto. Orkaria yenyewe inazunguka polepole sana, mara moja kwa siku 125 hivi, dalili kwamba ni nyota nzee.

Je, wajua kasi ya nyota huhesabiwaje? Njia ya kwanza ni madoa. Galileo na wenzake waliyaona madoa ya Jua yakisafiri kutoka ukingo hadi ukingo, na leo tunajua kwamba ikweta ya Jua humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, na sehemu za ncha kwa siku kama 35. Nyota ya mbali hatuyaoni madoa yake, ila nuru yake hupungua kila doa linapotugeukia. Darubini ya anga ya Kepler, iliyorushwa 2009, iliangalia nuru za namna hiyo, na mwaka 2014 watafiti wakachapisha muda wa mzunguko wa nyota 34,030 kwa mpigo.

Madoa haya yana hila. Mwaka 2008 ilitangazwa sayari kwenye nyota changa TW Hydrae. Mwaka huo huo wengine wakaonyesha kwamba kilichopimwa ni doa linalozunguka pamoja na nyota kila siku 3.6. Anayetafuta sayari bila kujua mzunguko wa nyota anajitafutia aibu.

Njia ya pili ni mistari ile myeusi. Nyota inapojizungusha, ubavu mmoja unakuja kwetu na mwingine unakwenda. Nuru ya ubavu unaokuja husogea kidogo upande wa buluu, ya unaokwenda husogea upande wa nyekundu, na mstari uliokuwa mwembamba unatanuka. Mwingereza William Abney alilifikiria hilo mwaka 1877, kabla vifaa havijaweza kulithibitisha. Ina kasoro moja: nyota iliyotuelekezea ncha yake haionyeshi ubavu unaokuja wala unaokwenda. Nyota Vega iko hivyo. Mistari yake ni myembamba ungedhani imetulia, kumbe hujizungusha kwa muda usiofika siku moja.

Na nyota Altair je? Jioni za Agosti iko juu Kisii. Humaliza mzunguko mmoja kwa saa 9 hivi, kiuno chake kikikimbia karibu kilomita 300 kwa sekunde. Wewe uliyesimama sokoni Daraja Mbili unazungushwa na Dunia kilomita 1,670 kwa saa, na hiyo ni chini ya nusu kilomita kwa sekunde. Altair imebonyea kwa kasi hiyo. Picha ya uso wake iliyotengenezwa 2007 ilionyesha kiuno kimetanuka kupita ncha kwa zaidi ya asilimia 20, tena ncha zina nyuzi 8,200 hivi huku kiuno kikiwa na 6,600. Nyota moja, viwango viwili vya joto.

Sasa fumbo lenyewe. Je, wajua kwamba Jua limebeba zaidi ya asilimia 99.8 ya uzito wa familia yake yote ya sayari, lakini nguvu ya mzunguko iliyomo ndani yake haifiki hata asilimia 1 ya jumla? Mshtarii peke yake, kwa safari yake ya kulizunguka Jua, ina karibu asilimia 60. Wingu la gesi likijikusanya kuelekea katikati, kasi huongezeka. Kwa hiyo Jua lilipaswa kuwa likizunguka kama pia. Hoja hii iliwasumbua kwa muda mrefu wale walioamini kwamba Jua na sayari zilitokana na wingu moja.

Otto Struve, mnajimu mzaliwa wa Dola ya Urusi ya zamani aliyefanya kazi Marekani, aliona jambo: nyota za moto huzunguka kwa kasi, zile zinazofanana na Jua huzunguka polepole, na mabadiliko hutokea ghafla. Akawaza kwamba pengine nyota za polepole zimekabidhi mzunguko wao kwa sayari. Mwaka 1952 aliandika kwamba tutafute sayari kubwa zinazozunguka karibu mno na nyota zao. Sayari ya kwanza ya aina hiyo kwenye nyota kama Jua ilipatikana 1995, na Michel Mayor na Didier Queloz wakapata Nobeli mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Ila kuhusu breki yenyewe Struve hakupatia. Nyota zenye nyuzi chini ya 6,000 hivi zina tabaka la nje linalochemka, nalo huzalisha sumaku, na sumaku hushika upepo wa chembe unaotoka kwenye nyota na kuutupa mbali, ukiondoka na mzunguko. Nyota za moto zaidi hazina tabaka hilo, kwa hiyo hazifungi breki.

Breki ya kwanza kabisa hufungwa utotoni, na hapa tunarudi kwenye lile wingu la upanga wa Orion. Walipopima mzunguko wa mamia ya nyota zake, wataalamu walikuta makundi mawili miongoni mwa zile zisizo ndogo sana: moja huzunguka kwa siku 2 hivi, jingine kwa siku 8 hivi. Za polepole ndizo zilizoelekea kuwa bado na kisahani cha vumbi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sumaku ya nyota changa hujishika kwenye kisahani, nacho kikaivuta nyuma. Kisahani kikiisha, nyota inaachiwa na kasi inapanda. Kwa hiyo kasi ya nyota hubaki na kumbukumbu ya muda uliokuwapo wa kujenga sayari. Muda huo ni mfupi: nusu ya nyota hupoteza visahani vyao ndani ya miaka milioni 3 hivi, na baada ya milioni 10 hubaki chache sana. Sayari ya gesi kama Mshtarii lazima iwe imekwisha kujengwa.

Je, wajua Kilimia, vinyota vilivyosongamana ambavyo wakulima wa Afrika Mashariki wamevitumia kujua majira, ni shule ya mzunguko? Kina zaidi kidogo ya miaka milioni 100, na nyota zake zinazofanana na Jua huzunguka kwa siku chache tu. Andrew Skumanich alionyesha mwaka 1972 kwamba umri ukiongezeka mara nne, kasi hupungua hadi nusu. Hivyo kasi ya nyota ni cheti chake cha kuzaliwa, na sayari zake hupata umri humo humo.

Je, wajua joto ndilo linalogawa kiwanja cha ujenzi wa sayari? Karibu na nyota ni mawe tu yanayoweza kuganda. Mbali, joto likishuka hadi nyuzi kama 100 chini ya sifuri, hata maji huganda, na vifaa vya ujenzi huongezeka ghafla. Kwetu mpaka huo ulikuwa baina ya Mirihi na Mshtarii. Kwenye V883 Orionis, nyota changa ya eneo hilo hilo la Orion, mlipuko wa joto uliusukuma mpaka hadi umbali wa mara 40 ya ule wa Dunia na Jua, na darubini ya ALMA ya Chile ikaushuhudia mwaka 2016. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba James Webb na ALMA zimeona, kwenye nyota changa nyingine ya Orion iitwayo HOPS-315, madini ya kwanza yakianza kuganda kutoka kwenye gesi ya moto. Ni silikati, ukoo ule ule wa madini unaochongwa Tabaka kuwa viboko na vinyago.

Je, wajua Kenya imo kwenye historia ya kupima mzunguko wa nyota? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya anga. Ikweta ilichaguliwa kwa sababu kasi ya Dunia huko huisaidia roketi. Uhuru ilikuta kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3 hupigapiga kila sekunde 4.8, na ikaeleweka kwamba ni mabaki ya nyota yanayojizungusha kwa kasi hiyo. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobeli mwaka 2002. Mabaki ya nyota ya ukoo huo ndiyo yaliyotoa sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya familia ya Jua, mwaka 1992: PSR B1257+12 hujizungusha mara 161 kwa sekunde, na mapigo yake yalikuwa yakichelewa na kuwahi kidogo kwa sababu sayari zinaivuta huku na huku.

Haraka haraka. Ikweta ya Jua imeinama digrii 7 kulinganisha na njia ya Dunia, na hakuna maelezo yanayokubaliwa na wote. Sayari WASP-17b, iliyotangazwa 2009, huizunguka nyota yake kinyumenyume. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba sayari kubwa za karibu zenye njia zilizoinama hupatikana zaidi kwenye nyota zenye zaidi ya nyuzi 6,000 hivi, mpaka ule ule wa breki.

Na kwa anayependa kufuatilia: Shirika la Anga za Juu la Ulaya linaandaa chombo kiitwacho Plato, chenye kamera 26, kitakachopima mzunguko, joto na umri wa nyota pamoja na sayari zake. Eneo lake la kwanza limekwisha kuchaguliwa, na kadiri ya mpango litatazamwa kwa miaka isiyopungua miwili. Ni anga ya kusini inayoizunguka Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza usiku. Ukiwa Kisii mwezi wa Februari, geukia upande wa Kilgoris mwendo wa saa nne usiku. Suheli iko juu kidogo ya theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini.